Nyuzi Hazitoshi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wagonjwa wa Nyuzi, Pamoja na Wanaoishi Nao

Maswali haya nimeyapata kwa wafumaji wenzangu na kwa watu wanaoishi na wafumaji. Mengine nimejiuliza mwenyewe nikiwa nimesimama mbele ya kabati ambalo mlango wake umekataa kufunga. Yako ya ufundi na yako ya aibu. Sikuyatenganisha, maana hata kabatini hayatengani.

Nitajuaje kama nimeugua?

Ukinunua mkoba ukapima kwanza kama donge la uzi litaingia, ndipo ukakumbuka simu, umeugua. Ukikuta uzi kwenye mfuko wa koti usilolivaa tangu mwaka juzi, umeugua. Dalili kubwa kuliko zote ni hii: mtu anakuuliza siku hizi unafuma nini, nawe unamjibu kwa kumwonyesha uzi ulionunua.

Wafumaji wa Kiingereza wana kifupi chao cha ugonjwa ukishakomaa: SABLE, yaani akiba ya nyuzi iliyozidi miaka aliyobakiza mwenyewe duniani. Inachekesha mpaka ukae upige hesabu. Mimi nilipiga. Nikijitahidi sana namaliza masweta manne kwa mwaka, na sweta moja la mtu mzima, kwa uzi wa unene wa kati, linakula mita 1,000 hadi 1,400. Nilipofika sanduku la tatu nikafunga daftari, nikaenda kuchemsha chai.

Si nyuzi ni za kufumia? Mbona mtu anunue asizofuma?

Hili huulizwa na wasiofuma, tena kwa sauti ya upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Jibu ni kwamba uzi ukiwa bado donge haujakosewa. Nina uzi wa samawati, laini mno, ambao kwa miaka umekuwa shali, umekuwa soksi, umekuwa sweta la mtoto ambaye sasa ana ndevu. Yote hayo umekuwa kichwani mwangu bila kutoka kwenye mfuko wake. Siku nitakayoanza kuufuma utakuwa kitu kimoja tu, na kitu hicho kitakuwa na kosa kwenye mstari wa tatu. Na wahenga walishasema kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Akiba ya kawaida ni kiasi gani?

Hakuna. Nawajua wenye mfuko mmoja na nawajua wenye chumba kizima, na wote wana usingizi mzuri. Miaka ya mwanzo nilihangaika na wingi, baadaye nikaona wingi hauna shida. Ninachokiita ugonjwa wenyewe hasa ni donge moja moja.

Unapita dukani, huna mpango wowote, rangi inakuita. Unajiambia, “Nachukua moja tu.” Kesho unachukua moja jingine, la rangi nyingine, la unene mwingine. Haba na haba hujaza kibaba, kweli, lakini kibaba hiki hakipikiki. Baada ya mwaka una madonge 60 na huna uzi wa kutosha sweta lolote. Mimi nina donge moja la kijani, kijani cha moss, kile kijimea laini kinachotanda kwenye mawe, gramu 50, mita 105. Halitoshi kofia ya mtu mzima. Linazidi kwa kitu chochote kidogo kuliko kofia. Nimehama nalo nyumba mara tatu.

Basi nikikutana na uzi nilioupenda, ninunue kiasi gani?

Angalia mita, usiangalie idadi ya madonge wala uzito peke yake. Gramu 100 za uzi mwembamba wa soksi zinatoa karibu mita 400. Gramu hizo hizo za uzi wa unene wa kati ni kama mita 200 na kitu, na za uzi mnene ni mita 100 tu au hapo karibu. Mtu anayehesabu madonge anaweza kurudi nyumbani na nusu ya sweta.

Kwa uzi wa soksi, gramu 100 zinatosha jozi moja ya mtu mzima, na ukiongeza gramu 100 nyingine una shali ya kujifunika mabega. Ndiyo maana uzi wa soksi nausamehe kuununua bila mpango: hata kidogo chake kina kazi. Kwa uzi wa unene wa kati na kuendelea nina amri moja: ama nachukua wa sweta zima, ama nauacha palepale. Amri hii nimeivunja mara nyingi, ila ipo.

Kama wewe ni mtu wa kroshia, yaani unafuma kwa sindano moja yenye kikulabu, ongeza. Mishono ya kroshia ni minene na inapanda juu ya mwenzake, kwa hiyo eneo lilelile linakula uzi mwingi kuliko lilivyokula kwenye sindano mbili.

Namba ya mkupuo kwenye lebo ni ya nini?

Kiwanda hutia rangi nyuzi kwa mikupuo. Kila mkupuo unachovywa pamoja, na mkupuo unaofuata, hata ukiwa wa rangi ile ile yenye jina lile lile, unaweza kutoka umekolea zaidi au umepauka kidogo. Lebo huwa na namba mbili: ya rangi na ya mkupuo. Wengi husoma ya kwanza tu.

Niliwahi kufuma sweta la kijivu, nikaishiwa uzi nikiwa kwenye mkono wa pili, nikaenda kununua donge moja. Jioni, chini ya taa, sikuona tofauti. Nikamalizia, nikalifua, nikalitandaza likakauka, nikalivaa kwenda harusini mchana wa jua kali. Kuanzia kiwiko hadi kifundo cha mkono wa kushoto nilikuwa mtu mwingine. Kwenye picha zote za siku ile nimeweka mkono nyuma.

Ukilazimika kuchanganya mikupuo, usimalize ya kwanza ndipo uanze ya pili. Anza kuichanganya mapema: mistari miwili ya huu, miwili ya ule, mwili mzima. Jicho halioni tofauti ikiwa imesambaa. Linaiona pale penye mpaka.

Lebo imepotea. Nitajuaje huu ni uzi gani?

Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sinki, kiwashe. Sufu haishiki moto kwa hamu. Inanuka nywele zilizoungua, ukiuondoa moto inazima yenyewe, na jivu lake linasagika vidoleni. Pamba inawaka kama karatasi na inanuka karatasi. Akriliki, ule uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki, inayeyuka, inatoa harufu kali ya plastiki na kuacha kijidonge kigumu cheusi. Usikiguse kabla hakijapoa, tafadhali. Ukipata dalili mbili kwa pamoja, uzi wako ni wa mchanganyiko.

Unene utaupima kwa rula: zungushia uzi bila kuuvuta, mizunguko ikilala bega kwa bega, kisha hesabu imeingia mingapi. Linganisha na uzi mwingine wenye lebo. Huo mfumo wa namba 0 hadi 7 unaouona kwenye lebo nyingi ni wa Craft Yarn Council ya Marekani, na 0 ni ule mwembamba kama wa utando wa buibui.

Mita zilizobaki utazipata kwa mizani ya jikoni ikiwa unajua donge lilipokuwa zima lilikuwaje. Kama gramu 100 zilikuwa mita 220 na sasa mizani inasema 35, una mita 77.

Angora ni mbuzi au sungura?

Wote wawili, na ndipo watu wanapopotea. Uzi unaoitwa angora hutoka kwa sungura wa Angora. Mbuzi wa Angora yeye hutoa mohea, ule uzi wenye manyoya marefu yanayong’aa. Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa mohea, na majirani zao wa Lesotho nao wamo. Kuhusu kufumua mohea, soma mbele. Kwa ufupi: usikosee.

Kwa nini sweta la sufu linaniwasha, la mwenzangu haliniwashi?

Ni unene wa unywele mmoja mmoja wa kondoo. Sufu ya kondoo wa merino huwa chini ya maikroni 24 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ndiyo maana inapita shingoni bila ugomvi. Nywele zikizidi maikroni 30 ncha zake hazipindi zinapogusa ngozi, zinachoma. Kwa hiyo ukisema una mzio wa sufu, kuna uwezekano mkubwa ulikutana na kondoo wa mazulia. Dukani usiupime uzi kwa vidole, vidole vya mfumaji vimeshakufa ganzi. Uweke chini ya kidevu kwa dakika moja. Muuzaji ameshazoea.

Akriliki ni dhambi?

Hapana. Inafulika, nondo hawaitaki, na mtoto anaitapikia bila mama kulia. Ila usiipige pasi yenye moto.

Nimeona nondo. Nifanye nini?

Kaa chini kwanza. Nondo wanaoizunguka taa yako usiku si wabaya wako. Yule wa nguo ni mdogo, hafiki sentimita moja, ana rangi ya majani makavu yenye kung’aa, na mwanga anaukimbia. Ukifungua kabati ukaona kitu kinakwenda mbio kuelekea kwenye mkunjo wa giza, huyo ndiye.

Tena mwenyewe akishakuwa mkubwa hali chochote. Mdomo wake haulishi. Anayekula ni kiwavi. Jike mmoja huweka mayai 40 hadi 50, na viwavi wakitoka wanatafuta keratini, ile protini iliyomo kwenye sufu, mohea, alpaka (mnyama wa Amerika Kusini wa jamii ya ngamia), manyoya na nywele. Pamba na akriliki hawana shida nazo, isipokuwa zikiwa na jasho au madoa ya chakula. Kwa hiyo ule msemo wa akiba haiozi uishie kwenye pamba.

Dawa yangu ni friza. Tia uzi kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga, acha kwenye nyuzijoto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiutoa usifungue mfuko mpaka joto la nje na la ndani liwe sawa, la sivyo unyevu utatua kwenye uzi badala ya kutua kwenye plastiki. Wakati huo toa kila kitu kabatini, vuta vumbi kwenye pembe na nyufa, kisha kagua makoti na mazulia. Anayetibu uzi akaliacha zulia atarudi kusoma ukurasa huu.

Lavenda na vipande vya mbao za mierezi vinanukia vizuri. Nami ninavyo. Lakini kiwavi aliyekwisha ingia hafukuzwi na harufu, na donge lililotobolewa halivutiki: ukifuma linakatika kila baada ya mkono mmoja, kila mara unadhani ni mara ya mwisho.

Uzi wowote mpya wa sufu unaoingia nyumbani kwangu, hata wa zawadi, hasa wa zawadi ya mtu anayehamisha kabati la marehemu shangazi yake, unapita friza kwanza.

Niziweke wapi?

Pakavu, pasipo na jua. Jua linapausha rangi, tena upande mmoja tu, na hutagundua mpaka uzi ugeuke mikononi. Masanduku ya plastiki yenye mifuniko inayobana ni mazuri kama uzi umeingia ukiwa mkavu kabisa. Usizungushe madonge kwa kuyakaza. Sufu iliyovutwa miezi sita inachoka, unafuma sweta la saizi yako, unalifua, linarudi la mdogo wako. Zungusha ukiwa umeweka vidole viwili ndani, halafu uvichomoe.

Na ndiyo, chini ya kitanda panafaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe kunakupa nafasi ya kukumbuka ulivyo navyo.

Nimenunua kitita kizuri kilichosokotwa kama kamba. Naanza kufuma vipi?

Huanzi! Kitita kile ni duara moja kubwa la uzi lililokunjwa mara mbili na kusokotwa. Lazima ulifungue, ulivishe kwenye kitu, ukate vile vifungo vidogo, ndipo ulizungushe kuwa donge.

Sikuambiwa. Kitita changu cha kwanza kilikuwa uzi wa soksi, mita 400, nyekundu ya damu ya mzee. Nilikata vifungo nikiwa nimekipakata mapajani, nikatafuta ncha, nikaivuta. Ikaja. Nikavuta tena, ikaja na rafiki zake. Kufikia saa nne usiku nilikuwa nimelaza sakafuni kitu kama kiota, watoto wamekatazwa kupita, na nimegundua kuwa fundo la uzi halivutwi: linapanuliwa. Unalitia vidole katikati, unalilegeza pande zote kama unayefungua ua, na ncha unaipitisha nje ya mashimo yanayojitokeza. Ukivuta, unalikaza. Nilimaliza usiku wa pili.

Siku hizi navisha kitita kwenye migongo ya viti viwili, au kwenye mikono ya mtu aliyeniudhi, kwa maana hawezi kuondoka.

Mwenzangu anasema nyuzi zimezidi. Nimjibuje?

Usimdanganye. Wapo wanaoondoa lebo ndani ya gari na wanaoingiza madonge ndani ya mto. Mwisho wake unakutwa na mto wa gramu 800 za merino, na hapo neno “mto” halikusaidii. Mwonyeshe ulichofuma, hasa kilicho miguuni mwake.

Nimwambie idadi kamili?

La.

Kuna haja ya kuandika nilichonacho?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na uzi unapotea huku unauona. Mara mbili nimenunua uzi niliokuwa nao tayari. Daftari langu lina mistari mitano kwa kila uzi: ni wa nini, mita ngapi, namba ya rangi, namba ya mkupuo, na uko sanduku gani. Nabandika na kipande cha uzi wenyewe kwa gundi. Wapendao mashine wana tovuti ya Ravelry, iliyoanza mwaka 2007, yenye sehemu ya kuorodhesha akiba kwa picha. Chochote unachotumia, andika siku unayonunua. Kuandika akiba ya miaka kumi kwa siku moja ni kazi ya kumfanya mtu aachane na ufumaji.

Vipande vilivyobaki nivifanyie nini?

Vigawe kwa unene kabla hujavigawa kwa rangi. Rangi yoyote inakaa na yoyote, lakini uzi mnene na mwembamba kwenye blanketi moja wanavutana mpaka pembe zinanyanyuka. Uzi mwembamba unaweza kuushika mara mbili: nyuzi mbili za soksi pamoja zinakaribia uzi mmoja wa unene wa kati. Blanketi la miraba ya kroshia linameza kila kitu. Kuna na blanketi la hali ya hewa, ambalo unafuma mstari mmoja kila siku kwa rangi ya joto la siku hiyo, mistari 365. Langu lilikufa mwezi Machi.

Vile vipande vifupi kuliko mkono vijaze tumboni mwa midoli, ila usitie vyeusi ndani ya mdoli mweupe. Vinaonekana kupitia mishono, na mdoli anapata sura ya mgonjwa.

Nikifumua kitu cha zamani, uzi wake unafaa?

Unafaa sana, na mimi naona huo ndio uzi mtamu kuliko wote kwa sababu hauongezi akiba, unaizungusha tu. Lugha yetu imeshatuandalia: kufuma na kufumua zinapishana silabi moja tu. Uzi ukifumuliwa unatoka na mawimbi ya mishono ya zamani. Uzungushe kuwa kitita, ufunge sehemu nne kwa uzi wa pamba bila kukaza, uloweke maji ya vuguvugu nusu saa, ukamue kwa taulo, utundike. Mawimbi yatatoka.

Mohea, nilisema. Manyoya yake yanashikana kila mshono na jirani yake. Ukilazimika, tia sweta kwenye mfuko, lilaze friza saa chache, kisha fumua taratibu likiwa bado la baridi; manyoya yanaachiana kidogo. Kidogo tu.

Nimeapa kutonunua uzi mpaka nimalize nilio nao. Nitaweza?

Hutaweza, na ukirudi dukani utarudi na njaa ya miezi sita. Kilichonisaidia ni kubadili masharti: nikimaliza mita 1,000 naruhusiwa kununua 500. Akiba inashuka polepole na siapi kitu. Nyuzi za zawadi hazihesabiwi. Nyuzi za safarini hazihesabiwi. Uzi wa soksi, nimekwisha eleza, si uzi.

Nikifa, nani atarithi?

Andika jina sasa, ukiwa mzima, ubandike ndani ya mfuniko wa sanduku la kwanza. Chagua mfumaji, si mtoto mpendwa. Wasiofuma huona magunia, huyaweka nje ya mlango, na kuna cashmere, ule uzi laini na ghali wa manyoya ya mbuzi, iliyowahi kufungia mafurushi kwa namna hiyo.

Na lile donge la kijani?

Lipo. Mwezi uliopita nilimpata mwenzake, kijani kile kile cha moss, gramu 50, la mwisho kwenye kikapu cha duka lililokuwa linafungwa. Nililikumbatia mpaka nyumbani. Mkupuo tofauti.